Mashua Yangu ni Kifusi

"Utakuwa unalala ndani?"

Karani aliniuliza hivyo kabla hata hajaniuliza jina. Nilikuwa nimesimama dirishani kwenye ofisi ya marina moja upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Mkononi nilikuwa na hati ya mashua, cheti cha bima na barua ya fundi aliyekagua mkuku. Ilikuwa marina ya nne mwezi ule. Katika zile tatu za kwanza nilisema kweli: ndiyo, nitalala ndani, sina nyumba nyingine. Moja waliniandika kwenye orodha, wakaniambia nisipige simu, watapiga wao. Ya pili hawakuwa hata na orodha. Ya tatu hawakutaka mashua iliyozidi miaka 30, na yangu ilitengenezwa mwaka 1979.

Hapa pa nne nikajibu, "Hapana, ni ya wikendi tu."

Nikapewa nafasi siku hiyohiyo. Gati la tatu, kati ya yoti nyeupe ambayo sijawahi kumwona mwenyewe na mashua ya mzee anayefuga paka.

Ni mashua ya tanga, futi 30, niliyoinunua kwa bei ya gari la mitumba baada ya kodi ya chumba changu Oakland kupanda mara ya tatu. Kazi yangu ni kulea wazee. Mshahara wake unatosha kodi au unatosha chakula na fedha ya kutuma nyumbani Tanga. Vyote viwili havitoshi. Gati hulipiwa kwa futi, kila mwezi, na hata ukiongeza umeme bado ni nafuu kuliko chumba. Hesabu ilikuwa rahisi. Sikujua tu kwamba kuilaza mashua majini ni jambo moja, na mtu kulala ndani yake ni jambo jingine kabisa.

Nilipompigia mjomba kumweleza, alicheka. Yeye amevua kwa ngalawa tangu ujana wake.

"Mwanangu, unalipia kufunga chombo? Si utie nanga tu?"

"Huku hawaruhusu, mjomba."

"Kwani bahari ya huko ina mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, usiku usiku, mapazia yamefungwa na taa ndogo imewashwa, maana mkataba wangu unaruhusu kulala ndani siku 3 tu kwa wiki na mimi nilikuwa nalala 7.

Kuishi ndani ya chombo kwenye ghuba hii hakukuanzishwa na watu maskini kama mimi wala na wasanii. Mwaka 1849, habari za dhahabu zilipoenea, meli ziliingia San Francisco kwa mamia, na mabaharia wakaziacha wakakimbilia machimboni. Mji haukuwa na nyumba za kutosha, lakini meli tupu zilijaa tele. Meli moja iitwayo Niantic ilivutwa hadi ufukweni, ikatobolewa milango, ikawa ghala na mahali pa wageni. Nyingine, Euphemia, ilifanywa jela. Kisha watu wakaanza kumwaga mchanga na takataka kati ya meli, wakajenga juu yake, na ufuko ukasogea. Niantic iliungua katika moto mkubwa wa Mei 1851, ikafunikwa. Mwaka 1978 wajenzi wakichimba msingi wa jengo katikati ya mtaa wa mabenki waliyakuta mabaki yake. Nimepita hapo kwa miguu. Kutoka hapo hadi kwenye maji ya leo ni mitaa kadhaa, na yote ni kifusi.

Neno hilo, kifusi, ndilo lililonikamata.

Kwa miaka mia moja na zaidi watu wa hapa waliendelea kuijaza ghuba: viwanja vya ndege, majalala, mashamba ya chumvi, barabara. Karibu theluthi ya ghuba ilijazwa au ikazingirwa kwa kuta. Mwaka 1959 wahandisi wa jeshi walitoa ripoti iliyoonyesha sehemu zote zenye maji mafupi ambazo zingeweza kujazwa, na ramani yake ikachapishwa gazetini: ghuba ilionekana kama mto tu. Mwaka 1961 wanawake watatu wa Berkeley, Kay Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, wakaanza kupiga kelele. Mji wao wenyewe ulikuwa na mpango wa kujaza maji hadi eneo lake likaribie kuwa mara mbili. Kelele zao ndizo zilizozaa, mwaka 1965, sheria ya jimbo na tume ya kulinda ghuba, ambayo mwaka 1969 ilifanywa ya kudumu.

Nawashukuru. Asubuhi nikifungua mlango naona mwari akipiga mbizi, na najua kwamba bila wao hapo pangekuwa na maegesho ya magari. Lakini soma sheria yenyewe. Ilipofika kueleza kifusi ni nini, haikuishia kwenye udongo na mawe. Ilitia pia kila kitu kinachoelea na kufungwa mahali pamoja kwa muda mrefu, na mfano wake ukatajwa: nyumba zinazoelea. Baadaye tume ikawageukia na watu wanaoishi kwenye mashua za kawaida, zenye tanga na injini. Hoja ilikuwa kwamba maji ni amana ya umma, kwa ajili ya safari, uvuvi na burudani ya wote, na makazi ya mtu binafsi hayamo. Hata hivyo ikakubali kwamba watu wachache wanaolala marina husaidia ulinzi. Basi ikaweka kiwango: wasizidi asilimia 10 ya nafasi za marina, na marina iwe na vyoo, mabafu na mtambo wa kunyonya maji machafu kutoka kwenye matangi.

Asilimia 10. Marina yenye nafasi 200 ina watu 20, na hao 20 wakishapata hawatoki. Mzee wa paka ni mmoja wao. Aliniambia yeye alisubiri miaka sita.

Swali la mjomba basi lina jibu: bahari ya huku ni ya wote, na kwa sababu hiyohiyo huruhusiwi kuishi juu yake. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Ya wote, ila wewe."

Hapo sikukubaliana naye moja kwa moja, na bado sikubali. Ng'ambo ya ghuba, kwenye Richardson Bay, zaidi ya mashua 200 zimewahi kutia nanga kwa wakati mmoja bila kulipa senti. Nyingi zilikuwa mbovu. Minyororo ya nanga ilizunguka kwa upepo na maji, ikakwangua nyasi za baharini ambamo samaki wa herringi hutaga mayai. Wenye mamlaka wameamua eneo lile lisafishwe kufikia Oktoba 2026. Nimeona mashua zikipondwa kwa mashine, na nimeona mtu amekaa ukingoni akiitazama nyumba yake ikipondwa. Nyasi zinahitaji kupona. Yule mtu naye alihitaji pa kulala.

Mzee mmoja ninayemhudumia kazini alizaliwa upande huo, Marin City, mwaka 1944. Baba yake alitoka Louisiana kuja kuchomelea vyuma Marinship, kiwanda cha meli kilichojengwa Sausalito mwaka 1942 kwa ajili ya vita. Kiwanda kile kiliunda meli 93 kwa muda wa miaka mitatu na ushei. Wafanyakazi weusi walilazimishwa kujiunga na tawi la pembeni la chama cha wafanyakazi, walipe ada bila kupiga kura. Mwaka 1943 wengi walikataa, wakafukuzwa. Mmoja wao, Joseph James, alikwenda mahakamani, na mwisho wa mwaka 1944 Mahakama Kuu ya California ikampa haki. Miezi michache baadaye vita vikaisha na kiwanda kikafungwa. Wazungu waliokuwa wakiishi Marin City walinunua nyumba kwingine. Weusi hawakuuziwa.

"Na ule ufuko?" nikamuuliza.

"Walihamia watu wa mashua," akasema. "Wasanii. Walichukua mabaki ya kiwanda, matishari na vyombo vya jeshi, wakajenga juu yake. Hakuna aliyewauliza kitu kwa miaka mingi." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ni kweli hakuna aliyewauliza kwa muda. Miaka ya 1970 polisi walipokuja kuwaondoa walipigana nao wakiwa ndani ya vihori, na mwishowe wengi wakapata magati halali. Leo nyumba zao zinauzwa kwa bei ya nyumba za nchi kavu, na watalii huja kuzipiga picha.

Mwezi uliopita nilikuta karatasi imebanwa kwenye kamba yangu ya omo. Haikuwa na jina wala ukali. Ilisema tu kwamba taa yangu imeonekana usiku mara nyingi. Sijui nani aliiandika. Nilikaa nayo siku mbili, kisha nikaenda dirishani kwa karani yuleyule.

"Nataka kuandikishwa kwenye orodha ya wanaolala ndani."

Alinitazama. "Uliniambia ni ya wikendi."

"Nilikudanganya, dada. Samahani."

Nilidhani ataniambia nifungue kamba. Alivuta daftari, akaandika, akanipa namba 23. Akanikumbusha siku 3 kwa wiki na kuniambia kwamba sasa watahesabu.

Ile ilikuwa Alhamisi, na siku zangu tatu za wiki zilikuwa zimekwisha. Nikarudi gatini, nikaongeza kamba moja ya tezi kwa sababu bamvua lilikuwa linakuja, nikafunga mlango kwa kufuli na kupanda basi kwenda kulala sebuleni kwa rafiki yangu, Hayward.