Mwalimu wa Sekondari Aliyechunguza Akili za Nyuki

Wengi wetu tunaoishi huku ugenini tunamjua mwenzetu mwenye shahada kubwa anayefanya kazi isiyolingana na elimu yake. Tukikutana harusini au msibani, mazungumzo hayachelewi kufika hapo. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu aliyepatwa na hali kama hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena katika nchi aliyozaliwa.

Huyu ni Charles Henry Turner, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Cincinnati, jimbo la Ohio, tarehe 3 Februari 1867, zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya utumwa kupigwa marufuku nchini Marekani. Alianza na ubongo. Mwaka 1891 alichapisha uchunguzi wake juu ya maumbile ya ubongo wa ndege, kazi aliyoifanya Chuo Kikuu cha Cincinnati. Baadaye akawaelekea wadudu, na swali lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: je, mdudu hujifunza, au huendeshwa tu kama mashine?

Siku hizo walikuwepo wataalamu walioshikilia kuwa mdudu huvutwa na mwanga kama msumari unavyovutwa na sumaku. Turner hakubishana nao kwa maneno matupu. Alitengeneza jukwaa dogo la kadibodi lenye miteremko miwili, akaweka sisimizi juu yake, kisha akawa anahamisha taa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliona kuwa mwanga huwaongoza kweli, lakini si mwanga peke yake. Sisimizi hujifunza njia ya kurudi kwao. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 40.

Pamoja na shahada hiyo, hakupata nafasi katika chuo chenye maabara ya utafiti. Mwaka 1908 alikwenda St. Louis, Missouri, kufundisha Sumner High School, shule ya sekondari ya watoto Weusi. Alibaki hapo hadi 1922. Utafiti aliufanya baada ya vipindi na wakati wa likizo.

Maabara yake ya nyuki ilikuwa bustani ya umma iitwayo O'Fallon. Huko aliweka visahani vyekundu vyenye asali, na nyuki walipovizoea akavichanganya na vya rangi nyingine. Nyuki wakaendelea kuvifuata vyekundu, hata visipokuwa na asali. Majibu hayo aliyachapisha mwaka 1910, na mwaka 1911 akaonyesha kuwa nyuki hutambua pia michoro. Leo tunajua kuwa jicho la nyuki halioni wekundu kama letu, kwa hiyo sehemu ya hoja yake ilihitaji kusahihishwa. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda.

Jaribio ninalolipenda zaidi mimi, mtu wa umeme, ni la mende, la mwaka 1912. Mende hupenda giza. Turner aliwapa chombo chenye upande wa mwanga na upande wa giza, na kila aliyeingia gizani alipigwa shoti kidogo. Baada ya mara kadhaa wakakataa kuingia. Hata alipowahamishia katika chombo chenye umbo tofauti, hawakusahau. Mimi nimepima mikondo ya umeme karibu miaka thelathini, na najua ilivyo shida kuhakikisha kuwa unachopima si kosa la nyaya zako mwenyewe. Yeye alifanya hayo bila fundi wala msaidizi wa kulipwa.

Kwa jumla alichapisha makala zipatazo sabini. Alifariki tarehe 14 Februari 1923, na mwaka 1925 St. Louis iliipa jina lake shule ya watoto wenye ulemavu.

Sasa tumtazame Karl von Frisch, mzaliwa wa Vienna. Yeye alichapisha kazi yake kubwa juu ya nyuki na rangi mwaka 1914, miaka minne baada ya Turner, na kwa vipimo makini zaidi. Mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobel. Kipaji alikuwa nacho, hakuna ubishi, lakini alikuwa na taasisi pia, na wanafunzi kama Martin Lindauer walioendeleza kazi pale alipoiachia. Wanafunzi wa Turner walikuwa vijana wa sekondari ambao milango ya maabara nyingi ilifungwa mbele yao pia. Makala zake zilibaki bila warithi, mpaka watafiti wa nyuki walipozirudia miaka ya karibuni.

Tunapenda kusema penye nia pana njia. Turner alikuwa na nia, na njia aliitengeneza kwa kadibodi na visahani. Lakini kurithisha elimu si kazi ya mtu mmoja. Basi tukimkuta tena yule mwenzetu harusini, tusiishie kumpa pole. Tumuulize alikuwa anachunguza nini, kisha tumkalishe meza moja na watoto wetu.