Robo ya Mpiga Ngoma

Wimbo ni wa nani? Aliyeandika maneno ana jibu lake, na aliyetia sauti ana lake. Lakini yule aliyekaa nyuma ya wenziwe akishika mwendo, ambaye jina lake halikuandikwa chini ya anwani ya wimbo, ana haki gani? Swali hilo lilifika mbele ya Mahakama Kuu jijini London mwezi wa Disemba 1996. Waliobishana walikuwa wanamuziki wa kundi lililokwisha kufa miaka tisa nyuma, The Smiths wa Manchester, na kesi yao yafaa kusomwa na kila anayependa utungo ulioimbwa, kwani si mara nyingi mahakama huulizwa nani ni nani katika bendi.

Kundi lilianza 1982. Mwaka huo watu wasio na kazi nchini Uingereza walipindukia milioni tatu, na Manchester, mji uliotajirika kwa viwanda vya pamba, ulikuwa umejaa majengo matupu. Johnny Marr, kijana wa miaka 18 aliyekwisha kuwa fundi wa gita, alikwenda kubisha hodi nyumbani kwa Steven Morrissey katika kitongoji cha Stretford. Morrissey alikuwa na miaka 23, hana kazi ya maana, ashinda chumbani akisoma na kuandika. Wote wawili walizaliwa na wazazi waliovuka bahari kutoka Ireland kuja kutafuta riziki. Marr alitafuta mtu wa maneno, Morrissey alikuwa nayo tele, na siku hiyo hiyo wakaanza kupanga mambo makubwa. Jina walilochagua, Smith, ni miongoni mwa yale ya kawaida kabisa kwa Waingereza. Zama zile makundi yalijipamba kwa majina ya fahari, na hawa walitaka liwe la mtu yeyote.

Baadaye waliingia Mike Joyce, mpiga ngoma, na Andy Rourke wa gita la besi, rafiki wa Marr tangu skuli. Wakawa wanne. Walakini mwaka 1983, kundi lilipofunga mkataba na Rough Trade, kampuni ndogo iliyochipuka kutokana na duka la santuri la Geoff Travis huko London, waliotia saini walikuwa wawili tu, Morrissey na Marr. Yaelekea hapana aliyeona jambo hilo kuwa kubwa. Walikuwa vijana, na kazi ilikuwa inakwenda.

Namna walivyotunga ni ya kumshangaza mshairi wa mwambao, aliyezoea vina na mizani kutangulia na sauti kufuata. Kwao sauti ndiyo iliyotangulia. Marr alibuni muziki nyumbani, akautia katika kanda na kumpa Morrissey, naye akaondoka nayo kwenda kuyatafuta maneno. Studioni, mara nyingi Rourke na Joyce walirekodi sehemu zao pasi na kujua wimbo utasema nini. Hata Marr hakujua. Kisha Morrissey alisimama mbele ya maikrofoni, na maneno yake hayakuanza pale muziki ulipoanza wala kuishia pale ulipoishia, bali yaliukata njiani kama mtu avukaye mto kwa mshazari. Ndipo wenziwe walipoutambua wimbo wao wenyewe.

Maneno hayo yalikuwa na huzuni, lakini yenye kicheko ndani yake, na wengi waliomlaumu kwa kulialia hawakukisikia kicheko. Yalichota katika maisha ya mitaa ya kaskazini, na katika kazi za waandishi wa huko, hasa Shelagh Delaney wa Salford, ambaye picha yake iliwekwa kwenye jalada la mkusanyo mmoja wa mwaka 1987. Morrissey alipenda pia kumficha mpenzi anayeimbwa asijulikane ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiingereza hiyo ni kazi ya kuhesabu kila neno. Mswahili, ambaye lugha yake haitofautishi, angeifanya bila ya kujua kuwa ameifanya.

Kwa muda wa miaka minne na ushei walitoa albamu nne. Ya kwanza, yenye jina lao wenyewe, ilitoka 1984. Meat Is Murder ya 1985 ilishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. The Queen Is Dead, iliyocheleweshwa na ugomvi wao na Rough Trade, ilitoka 1986, nayo ndiyo wengi waihesabuyo kuwa kilele chao. Strangeways, Here We Come ilitoka Septemba 1987. Katikati yake zilimiminika santuri ndogo, na baadhi ya nyimbo zao bora zilijificha upande wa pili: How Soon Is Now?, ambamo gita la Marr latetema kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilitoka kwanza 1984 nyuma ya wimbo mwingine. Asikilizaye kwa makini atalisikia besi la Rourke katika This Charming Man likiimba wimbo wake lenyewe, kana kwamba gita na sauti vyote viwili ni wageni wake.

Waswahili wasema ngoma ivumayo haidumu. Kundi lilikaa muda mrefu bila ya meneja wa kudumu, na mzigo wa simu, mikataba na madeni ukamwangukia Marr, aliyekuwa bado na miaka 23. Disemba 1986 walipiga katika ukumbi wa Brixton Academy, London, kwa ajili ya kampeni dhidi ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na hawakupiga tena onyesho kamili. Katika kiangazi cha 1987 Marr alijitoa. Albamu ya mwisho ilipofika madukani, wenyewe hawakuwapo tena.

Ndipo hesabu zikafunguliwa. Fedha za utunzi hazikuwa na mgogoro, kwani maneno yalikuwa ya Morrissey na muziki ulikuwa wa Marr. Mgogoro ulikuwa juu ya mapato ya kurekodi na ya maonyesho. Wakubwa wawili walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja, na Rourke na Joyce asilimia 10 kila mmoja. Rourke, aliyebanwa na shida, alikubali mwaka 1989 kulipwa pauni 83,000 na kubaki na asilimia yake 10. Joyce alikataa. Alidai kuwa hakuwahi kukubali fungu hilo, na kuwa alidhani muda wote kuwa ni mbia sawa na wengine.

Jaji Weeks hakuhitaji kupima nani alikuwa fundi zaidi. Sheria ya Ubia ya mwaka 1890 yasema kuwa wabia hugawana sawa kwa sawa maadamu hapana mapatano mengine, na hayo mapatano mengine hayakuthibitishwa. Joyce akapewa robo, ambayo magazeti yalikisia kufikia takriban pauni milioni moja. Morrissey alikata rufaa, na Novemba 1998 rufaa ikatupwa. Tawasifu yake ya 2013 yairejea kesi hiyo kwa kurasa nyingi mno, na kwa uchungu usiopoa.

Hoja ya Morrissey si ya kudharauliwa kabisa, kwani pasipo yeye na Marr pasingekuwa na kundi. Lakini fedha zilizoshindaniwa zilikuwa za kupiga, si za kutunga, na siku ya kupiga walipiga wanne. Aliyeonewa zaidi ni Rourke, kwani ushahidi uliompa Joyce haki ungempa na yeye, lau si ile saini ya 1989. Alifariki New York mwezi wa Mei 2023, akiwa na miaka 59, na Marr ndiye aliyewatangazia watu msiba.

Wote wanne hawakusimama tena pamoja jukwaani. Disemba 1988, huko Wolverhampton, Morrissey alipanda na Rourke na Joyce, na kiingilio kilikuwa fulana yenye jina la kundi au jina lake. Marr hakuwapo. Santuri zao zinaendelea kuchapwa, na chini ya anwani ya kila wimbo walioutunga majina ni yale yale mawili.