Kingamwili

Kingamwili, neno lililoundwa kwa kinga na mwili, ni protini ambayo mwili hutengeneza ili ikamate kitu kigeni, kama kirusi au sumu ya bakteria. Maabara, hata hivyo, imeipa kazi isiyohusu kinga hata kidogo: kusaka. Watafiti wa mifupa huitumia kutafuta osteokalsini, protini ndogo ambayo kwa binadamu ina asidi amino 49, hutengenezwa na seli zinazojenga mfupa na hushikamana na kalsiamu.

Kingamwili hiyo hupatikana kwa kumdunga sungura au panya protini inayotafutwa. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walionyesha namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu bila kikomo, na kazi hiyo ikawapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kipande cha mfupa huondolewa madini kwanza, maana mfupa mgumu haukatiki kuwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Hupakwa kingamwili ya kwanza, huoshwa, kisha hupakwa ya pili inayoishika ile ya kwanza na iliyobeba kimeng'enya cha kuleta rangi. Palipo na rangi ndipo ilipo osteokalsini, ilimradi (na hapa ndipo wenye haraka hujikwaa) kipande cha ulinganisho kisichopakwa kingamwili ya kwanza kimebaki bila rangi.