Kasi ya Ukataji na Ulishaji wa Keekee

Katika elimu ya kutoboa chuma kwa mashine hakuna istilahi mbili zichanganywazo mno kama kasi ya ukataji na ulishaji, kwani zote mbili humwonekea mwanafunzi kuwa ni mwendo tu, ilhali ya kwanza ni mwendo wa makali yakizunguka juu ya chuma, na ya pili ni mwendo wa keekee ikizama ndani yake.

Kasi ya ukataji haipimwi kwa mizunguko, bali kwa mita zinazopitiwa na ukingo wa nje wa makali kwa dakika moja. Aambiwaye kwamba pua laini, ikitobolewa kwa keekee ya pua ya kasi, yastahili takriban mita 30, hajaambiwa bado mashine izunguke mara ngapi, maana jawabu limo katika kipenyo: azidishe mita hizo kwa 1000, kisha agawanye kwa mzingo wa keekee kwa milimita. Keekee ya milimita 10 itapata mizunguko 955 hivi. Ya milimita 5 maradufu yake, na ya milimita 20 nusu. Fundi aondoaye keekee nyembamba akatia nene, asihamishe mkanda wa mashine, ataziona pembe za nje zikigeuka rangi ya samawati kwa moto. Katikati, kinyume chake, mwendo wakaribia sifuri, na hapo keekee haikati, bali hukandamiza. Ndiyo maana tundu kubwa hutanguliziwa dogo.

Ama ulishaji, sisi husema kutu imekula chuma, na keekee nayo hula: ulishaji ni kadiri ya tonge lake kwa kila mzunguko. Ile ya milimita 10 hupewa milimita 0.2 hivi, nayo kwa mizunguko 955 hushuka milimita 191 kwa dakika. Mwenye hofu hulisha kidogo mno akidhani anaihurumia, kumbe makali yanasugua tu, na pua isiyoshika kutu huzidi ugumu papo hapo.

Mmarekani Frederick Taylor, aliyeanza majaribio yake katika kiwanda cha Midvale, Philadelphia, mwaka 1880, na asiyewasomea wahandisi wenziwe matokeo yake kamili ila mwaka 1906, alidhihirisha jambo ambalo majedwali hulificha: kwa pua ya kasi, kuongeza kasi ya ukataji kwa sehemu moja tu ya kumi hupunguza umri wa makali kwa zaidi ya nusu. Ulishaji ukiongezwa kwa kadiri hiyo hauyadhuru vile. Basi fundi mwenye haraka, maadamu keekee yake ni nene ya kustahimili, na aongeze tonge kabla ya kugusa kasi.