Kijiti kinachofichua mbu aliyebeba maradhi

Mbu akinaswa ukutani alfajiri, hakuna jicho linaloweza kusema kama amebeba vimelea vya malaria. Mwenye maradhi na asiye nayo hufanana miguu, mbawa na hata mlio. Katika maeneo mengi yenye malaria, ni mbu wachache tu katika kila 100 walio na vimelea kwenye tezi za mate, na hao ndio wanaoambukiza. Kuwatambua kumewasumbua wanasayansi tangu 1897, mwaka ambao daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea hivyo kwenye tumbo la mbu.

Kwa miongo mingi njia ilikuwa moja. Mtaalamu humlaza mbu aliyekufa punde kwenye kioo, akamtenga kichwa kwa sindano mbili nyembamba, akavuta tezi za mate na kuzichunguza kwa hadubini. Mbu mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima. Katika miaka ya 1980 kikaja kipimo cha maabara kiitwacho ELISA, ambacho hutumia kingamwili kunasa protini iliyofunika vimelea. Kiliwezesha mbu wengi kupimwa kwa pamoja, lakini kinahitaji umeme, jokofu, wahudumu wenye mafunzo na saa nyingi. Kwa hiyo mbu aliyenaswa kijijini hana budi kusafirishwa hadi mjini, na matokeo yake huenda yakawafikia wanakijiji mvua zikiwa zimekwisha.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kijiti. Watafiti wa jeshi la Marekani, ambalo wanajeshi wake huugua malaria kila wapelekwapo nchi za joto, walishirikiana na kampuni moja ya California kutengeneza ukanda mdogo unaofanana na ule wa kupimia ujauzito. Mbu, hadi 10 kwa pamoja, husagwa kwa mchi mdogo ndani ya kichupa chenye maji maalumu. Ukanda ukichovywa humo, maji hupanda kama mafuta kwenye utambi. Protini ya vimelea ikiwemo, hunaswa na kingamwili zenye rangi na mstari hutokea. Mstari mwingine huonyesha kwamba ukanda wenyewe haujaharibika. Kazi yote huchukua kama robo saa, chini ya mwembe ikibidi.

Ripoti iliyochapishwa 2002, baada ya zaidi ya vijiti 40,000 kujaribiwa katika vituo 16 duniani, ilionyesha kwamba vilitambua asilimia 92 ya mbu wenye vimelea na kuwaondolea lawama asilimia 98.1 ya wasio navyo. Aidha, vilistahimili joto la nyuzi 45 kwa zaidi ya wiki 15 mahali pakavu.

Takwimu hizo zinapendeza, ila yafaa zipigiwe hesabu. Tuseme mbu 1,000 wamepimwa mmoja mmoja na 20 kati yao wana vimelea. Kijiti kitawanasa 18 hivi. Katika wale 980 wasio na hatia, kitawasingizia 19. Yaani zaidi ya nusu ya mistari itakayotokea itakuwa ya uongo. Isitoshe, mbu wanaopenda damu ya mifugo wamepatikana mara nyingine wakitoa ishara za uongo hata katika ELISA, hadi sampuli ichemshwe kwanza. Ndiyo maana matokeo ya kijiti huhitaji kuthibitishwa maabarani kabla ya afisa yeyote kutangaza kwamba kijiji fulani kimevamiwa.

Kwa homa ya Bonde la Ufa, jambo linalotia hofu zaidi ni kuchelewa. Maradhi haya, yaliyoelezwa mara ya kwanza 1931 baada ya kuangamiza kondoo karibu na Ziwa Naivasha, hujificha kwa namna ya ajabu. Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai yaliyokwisha kuambukizwa virusi, nayo hulala kwenye udongo mkavu miaka mingi yakisubiri mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha, mbu huanguliwa wakiwa na virusi tayari, huwauma mifugo, na mbu wa aina nyingine huchukua virusi kutoka kwa mifugo hao na kuvisambaza.

Mwishoni mwa 2006 picha za setilaiti zilikuwa zimeashiria hatari hiyo, lakini maabara ilithibitisha maradhi mnamo Desemba, watu wa Garissa wakiwa wanafariki tayari. Kufikia Machi 12, 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeorodhesha wagonjwa 684 nchini Kenya, 155 kati yao wakiwa wamefariki. Masoko ya mifugo yalifungwa na wafugaji wakabaki na wanyama wasioweza kuuzwa.

Kijiti cha kutambua virusi hivyo ndani ya mbu kilifanyiwa majaribio Kenya, na ripoti yake ikatoka 2011. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji virusi vingi ili kitoe mstari. Kukosekana kwa mstari si idhini ya kulegeza ulinzi, ilhali mstari ukitokea, daktari wa mifugo ana sababu ya kuomba chanjo kabla ya kondoo kuanza kuharibu mimba, kwani chanjo ikicheleweshwa hadi maradhi yaenee, sindano zenyewe zaweza kuhamisha virusi kutoka mnyama hadi mnyama.

Mwishoni mwa 2022 swali jingine lilibisha hodi. Watafiti walimpata Marsabit mbu wa Asia, Anopheles stephensi, anayeeneza malaria na kuzaana kwenye matangi ya maji mijini. Hapa kinachotafutwa ni ukoo wa mbu, na kijiti cha protini ya vimelea hakiwezi kuusoma. Watafiti wametengeneza vipimo vya jeni vinavyohitaji joto la kadiri moja tu, takriban nyuzi 65, ambapo maji hubadilika rangi mbu huyo akiwemo. Hivyo vyaweza kufanyika pasipo mashine kubwa za maabara, mradi mpimaji awe na kifaa cha kupashia joto na njia ya kuhifadhi dawa zake katika jua la kaskazini.