Hekalu na Mzimu: Mahali pa Ibada pa Nyanda za Juu Kusini katika Macho ya Msafiri

Yamekuwapo maneno mengi katika Kiswahili yaliyobebwa na wasafiri begani pamoja na mizigo yao, na kutuliwa mahali ambapo hayakuzaliwa. Katika makala haya nakusudia kutazama mawili tu, hekalu na mzimu, na jinsi yalivyogawa mahali pa ibada pa watu katika daraja mbili. Sikuanza kulifikiria jambo hili kwa hekima yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikifundisha darasa la tafsiri niliwasomea wanafunzi habari za safari yangu ya Japani, nchi niliyokaa miaka minne nikisoma, nikaeleza mahekalu ya Kyoto na Nara. Juma lililofuata, katika somo jingine, nikataja Lubaga ya Rungwe, nikasema ni mzimu wa Wanyakyusa. Mwanafunzi mmoja, binti wa Tukuyu, akainua mkono akauliza: “Mwalimu, kwa nini ya Japani ni hekalu na ya kwetu ni mzimu?” Nilimjibu neno ambalo leo naona haya kulirudia.

Na tuanze na wasafiri wenyewe. Mwaka 1879 Mwingereza Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliachwa na msafara mikononi baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki huko Behobeho. Akavuka Uhehe hata akafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Aliyeongoza wapagazi wake alikuwa Chuma, yule yule aliyeuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo, kila kitu kilichoulizwa na kujibiwa njiani, ikiwa ni pamoja na mawe, mapango na misitu ya ibada, kilipita katika maneno ya pwani kabla ya kufika katika daftari la Mzungu. Huko pwani neno lililokuwapo ni mzimu: mbuyu au pango ambapo watu huweka ubani na vitambaa na kuomba haja zao, nao walimu wa dini hulitazama jambo hilo kwa jicho la pembeni. Neno hilo lilikuwa limekwisha beba lawama ndani yake lilipopandishwa milimani.

Hekalu ni mgeni wa namna nyingine. Asili yake ni Kiarabu, haykal, nalo lilipata kukaa sana katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri za Biblia, likimaanisha nyumba ya ibada ya Yerusalemu. Tangu hapo likawa neno la heshima: jumba kubwa, nguzo, makuhani, historia ndefu. Msafiri wa Kiswahili akiona jengo la namna hiyo katika nchi ya mbali, ulimi humwendea hapo wenyewe.

Wasafiri wa Kiswahili wa kuandika tunao tangu zamani. Carl Velten alipochapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, alimweka ndani yake Selim bin Abakari, mtu aliyeandika habari za safari yake ya Nyasa na tena za safari yake ya Urusi na Siberia, aliyokwenda mwaka 1896 pamoja na Dkt. Bumiller. Naomba msomaji alipime jambo hili. Mtu mmoja, kwa kalamu moja, aliandika nchi ya jirani zetu na nchi ya theluji, na zote mbili zilikuwa ugenini kwake. Kwa mtu wa pwani wa siku zile, Rungwe na Altai zilikuwa bara tu. Sisi tuliokuja baadaye, tuliosoma shuleni, ndio tuliozitenga, tukaipa ya mbali hadhi na ya karibu aibu.

Sasa tuje Lubaga yenyewe. Iko katika nchi ya Rungwe, karibu na Lutengano, nayo ni msitu. Humo aliishi Lwembe, jina la shujaa wa kale lililorithiwa na kila aliyeshika nafasi yake, naye alihesabiwa kuwa uhai wa nchi umo mwilini mwake: mvua, rutuba, kuzaa kwa ng’ombe na kwa wanawake. Makuhani wa nchi nyingine za Wanyakyusa walileta ng’ombe wa sadaka. Mambo haya yameelezwa kwa urefu na Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu ya ibada za jumuiya kilitoka mwaka 1959. Jambo moja katika maelezo yake halijapata kunitoka: machifu walipozikwa, miti iliyozunguka kaburi haikukatwa, ikakua, ikawa msitu, na msitu ndio uliokuwa mahali pa sala. Hapakujengwa kitu. Msafiri aliyetafuta jengo hakuona kitu, akaandika kwamba watu hawa hawana nyumba ya Mungu.

Wamisionari walifika mwaka 1891, Waberlin pamoja na Merensky, na Wamoravian waliojenga Rungwe. Hawa hawakupita njia. Walikaa, wakajifunza lugha kwa bidii ambayo sisi wana wa nchi hatujaifikia bado. Lakini lugha haina maneno matupu, nao walihitaji jina la Mungu na jina la Shetani. Katika masimulizi ya Wanyakyusa Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, wa ukoo mmoja na Lwembe, na pango lake lililo karibu na ziwa huitwa Palikyala. Huyu akapandishwa akawa Mungu wa Wakristo, na ndivyo asemwavyo mpaka leo katika Kinyakyusa. Mbasi, aliyehusishwa na Lubaga na aliyesikiwa akinena, akachukuliwa kuwa ndiye Shetani. Mzee mmoja wa Rungwe, nilipokuwa nikimwuliza juu ya jina hili, alinitazama kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, shetani gani huyo anayeombwa mvua?” Sikuwa na jawabu, nikamwambia ndaga tata, nikaaga.

Upande wa Iringa mambo ni mengine kidogo. Wahehe humwita Mungu Nguluvi, na roho za wafu ni masoka. Hizi ndizo zinazotambikiwa, na mahali penyewe huwa ni kaburi la mkubwa wa ukoo. Jina la mji latoka katika lilinga, yaani boma, na boma lililotajwa ni lile la Kalenga, lililovunjwa na Wajerumani kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Mji wa sasa ulianzishwa na Tom von Prince mwaka 1896 juu ya kilima, naye akaondoka na jina la mji alioubomoa. Juu ya mji huo lipo jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, jiwe linalosema. Husimuliwa kwamba Mkwawa alikwenda kulisikiliza kabla ya kuja kwa adui. Leo mtaa mzima huitwa kwa jina hilo, na vijana hupanda jioni kutazama taa za mji. Sijui mji mwingine wa Tanzania ambao maskani ya watu yamepewa jina la jiwe linalonena, na barua za serikali zikaandikwa hivyo bila mtu kushtuka.

Kisha lipo fuvu. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza kirudishwe, na mwaka 1954 Gavana Twining alikitoa katika makumbusho ya Bremen, akakikabidhi Kalenga mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Sasa kimo katika sanduku la kioo. Serikali huiita nyumba ile makumbusho. Mabuda wa Asia, wakitunza mfupa wa mtakatifu, hujenga mnara juu yake, na msafiri wetu huuita hekalu.

Nimefika Japani kwa njia ndefu, lakini hapana budi kupita huko. Wajapani wana maneno mawili ambayo Kiswahili huyachanganya: tera ni nyumba ya Mabuda, jinja ni mahali pa miungu wa asili wa nchi. Vitabu vya watalii huziita zote hekalu. Karibu na mji wa Nara nilipelekwa Omiwa, ambayo ni jinja ya kale mno. Nilimwuliza mwenyeji wangu jengo la mungu liko wapi, akanionyesha mlima. Kweli lipo jumba la kusalia mbele, na malango matatu yaliyounganishwa, lakini nyuma yake hakuna nyumba. Mlima Miwa wenyewe ndio mwili wa mungu. Nilisimama pale nikiwa na tiketi ya treni mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaifikiria Lubaga bila haya. Jinja nyingi zina msitu wake, hata katikati ya miji, na katika mashairi ya kale ya Wajapani, yaliyokusanywa katika karne ya 8, alama zilizoandika jinja zilisomwa mori, maana yake msitu. Yaani kwao, neno la hekalu na neno la msitu vilipata kuwa kitu kimoja.

Nisidhaniwe kwamba naisifu Japani kuwa ilihifadhi yote. Mwaka 1906 serikali yao iliamuru jinja ndogo za vijiji ziunganishwe, ibaki moja kwa kila kijiji. Yapata 70,000 ziliondolewa katika miaka michache, na misitu yake ikakatwa na kuuzwa mbao. Aliyesimama kupinga ni Minakata Kumagusu, mtaalamu wa mimea aliyerudi kutoka London mwaka 1900. Alipigania misitu ya Kumano kwa kuandika na hata kwa ugomvi, akawekwa kizuizini mwaka 1910. Hoja yake haikuwa ya dini peke yake. Alisema ukiukata msitu, unaondoa pamoja nao wadudu, maji, masimulizi na sababu ya watu kukutana. Naona aliyasema ya Rungwe bila kuijua.

Mbeya yenyewe ni mji mpya. Ulianza katika miaka ya 1920, wakati dhahabu ya Lupa ilipovuta watu, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikaupanua, na mwaka 2005 ukapewa hadhi ya jiji. Ndani yake kuna misikiti na makanisa mengi kuliko niwezavyo kuhesabu, na kila kimoja kina jina lake katika Kiswahili. Msafiri akiuliza huko njia ya Lubaga, kijana wa stendi atamwambia, “Kwenye mizimu?” na kucheka. Kicheko hicho hakikutoka Unyakyusa. Kilipanda na msafara.

Yapo mapendekezo kwamba tubuni istilahi mpya. Mimi siyapendi sana. Neno lililobuniwa ofisini hukaa ofisini. Hata hekalu la miti, nililolijaribu mimi, halikumridhisha yule binti wa Tukuyu. Alinionyesha kwamba wenyeji hawana haja ya neno la namna hiyo: Palikyala ni pale alipo Kyala, basi. Nikakumbuka kuwa watu wa Kyoto na Osaka nao, wakiwa wao kwa wao, hawasemi jinja. Husema Inari-san, au Tenjin-san, kama mtu anayekwenda kumtembelea jirani mwenye heshima. Mwaka ule mwanafunzi wangu alitafsiri habari fupi ya mwanamke wa Kyoto anayepanda asubuhi kuomba kabla ya kufungua duka lake. Mahali nilipotazamia kukuta hekalu, alikuwa ameandika: “Akatoka alfajiri, akaenda kwa Inari.” Sikuisahihisha.