Njia ya Pwani, Toka Mombasa Hata Malindi

Toka Mombasa hata Malindi ni kilomita 120 hivi, na mwenye haraka huzimaliza asubuhi moja. Sisi tulizifanya safari ya siku tatu, tena peke yetu garini, maana msafiri asiye na mwenzi hana wa kumhimiza.

Ukivuka daraja la Nyali hukawii kufika Kengeleni. Watu hulitaja jina hili kila siku, wala hawaulizi ni kengele gani. Ni ile ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. karibu mwaka 1875, ili wakae humo watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele ilipigwa kuwaonya wenyeji wakati wa hatari.

Kilifi tulipita upesi, ila tulipanda kwanza Mnarani kuutazama msikiti wa kale ulio juu ya hori.

Lakini Gedi ilituzuia kutwa nzima. Humo msituni mna mji wa mawe: kuta, msikiti mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, ndio 1399 wa Masihi. James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, alipata vyombo vya Kichina na shanga za kigeni. Basi wenyeji wake walifanya biashara na nchi za mbali. Ajabu ni hii: Wareno walifika Malindi Aprili 1498, wakakaa miaka mingi kabla ya kuhamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, na toka Malindi hata Gedi hapazidi mwendo wa siku moja kwa miguu. Hata hivyo, katika maandishi yao yanayojulikana, mji huu hautajwi. Katika karne ya 17 watu wakauhama. Wengine husema sababu ni vita, wengine maji. Sisi twaelekea hao wa maji, kwa kuwa kisima cha msikitini kiliongezwa kina, dalili ya kuwa maji yalikuwa yakishuka.

Mwaka 2024 UNESCO iliuandika Gedi katika urithi wa dunia.

Huko Malindi nguzo ya Vasco da Gama yasimama ufukoni, na msalaba juu yake. Hapo tulikuta watu wengi wakipigwa picha. Kule Gedi tulikuwa sisi na kima.